Kutoka Vazi hadi Maleba: Uhakiki wa Ngozi na Manyoya katika Ngoma na Malisho ya Ukanda wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Katika maonyesho mengi ya ngoma ya bugobogobo, yawe ya sherehe za kitaifa, mashindano ya shule au kumbi za vyuo, mchezaji huingia uwanjani akiwa na jembe mkononi, njuga miguuni, na vipande vya ngozi yenye manyoya vilivyofungwa chini ya magoti, kiunoni au kichwani. Mshereheshaji huyatambulisha mavazi hayo kuwa ni "mavazi ya asili ya Wasukuma". Kauli hiyo hurudiwa katika kazi za kitaaluma zinazoihakiki ngoma hii kama sanaa ya maonyesho, na kwa kawaida hurudiwa bila kuulizwa swali: ni asili ya nani, na mtu huyo alikuwa akifanya kazi gani alipoyavaa?

Swali hilo lina uzito kwa sababu bugobogobo ni ngoma ya jembe. Chimbuko lake ni vikundi vya kulima vilivyokwenda shamba hadi shamba vikilima kwa mdundo wa ngoma. Mtu anayelima tuta baada ya tuta chini ya jua la Magu au Kwimba hupunguza nguo mwilini. Hafungi manyoya mguuni. Manyoya hukusanya udongo, huongeza joto, na yakilowa huwa mazito. Kwa hiyo vazi linaloonekana jukwaani haliwezi kuwa vazi la kazi inayoigizwa jukwaani. Limetoka mahali pengine, na mhakiki asiyeuliza limetoka wapi huishia kuhakiki kitu kisichokuwepo.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba lugha ya Kiswahili imekwisha kutoa istilahi mbili zinazoweza kulitatua tatizo hilo, nazo ni vazi na maleba, lakini uhakiki wa ngoma umezichanganya. Vazi ni kile ambacho mtu huvaa ili aishi na afanye kazi. Maleba ni kile ambacho mchezaji huvaa ili atazamwe. Kitu kimoja kinaweza kuwa vazi leo na maleba kesho bila kubadilika hata unyoya mmoja. Petr Bogatyrev, katika utafiti wake wa mwaka 1937 kuhusu mavazi ya wanakijiji wa Moravia, alilieleza jambo hilo kwa dhana ya dhima: kila vazi hubeba dhima kadhaa kwa wakati mmoja, za kikazi, za kisherehe, za kimila na za kutambulisha eneo, na vazi linapohama kutoka siku za kazi kwenda siku za sikukuu dhima ya kikazi hufifia huku nyingine zikipanda. Mfano wake ulikuwa wa Ulaya ya kijijini, lakini utaratibu alioueleza unaonekana popote ambapo mfugaji na mtazamaji wanakutana.

Manyoya ya nyanda za baridi

Kabla ya kurejea Usukuma ni vema kuutazama mfano mmoja wa mbali ambao safari yake kutoka kazini hadi jukwaani inafahamika vizuri zaidi, kwa kuwa unahusu kiungo kilekile cha mwili, kazi ileile ya kuchunga ng'ombe, na ngozi yenye manyoya. Mfano huo ni chapsi, vazi la ngozi ambalo wachunga ng'ombe wa Marekani, yaani makauboi, hulivaa juu ya suruali, likifunika mapaja na miundi na kuacha makalio wazi kwa ajili ya tandiko la farasi. Jina hilo linatokana na neno la Kihispania la Meksiko, chaparreras, linalohusiana na vichaka vya miiba. Chapsi za kwanza, kwa hiyo, zilikuwa kinga dhidi ya miiba.

Ufugaji ulipopanda kaskazini hadi Wyoming na Montana katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, adui wa mguu alibadilika. Miiba ilipungua, theluji ikaongezeka. Hapo ndipo zilipoenea chapsi za manyoya, zilizotengenezwa hasa kwa ngozi ya mbuzi wa angora, mnyama aliyeingizwa Marekani mwaka 1849 kutoka Uturuki. Ngozi hiyo iliachwa na sufu yake ndefu kwa nje ili kuzuia upepo na kuhifadhi joto la mpanda farasi anayeshinda kutwa juu ya tandiko. Ukali wa baridi hiyo haukuwa hadithi. Majira ya baridi ya mwaka 1886 hadi 1887 yaliua ng'ombe wengi mno katika nyanda hizo, na mchoraji Charles M. Russell, ambaye wakati huo alikuwa mchungaji wa kuajiriwa huko Montana, aliueleza msiba huo kwa mchoro mdogo wa rangi za maji: ng'ombe mmoja aliyebaki mifupa, amesimama kwenye theluji.

Lakini chapsi za manyoya zilikuwa na kasoro mbili: zikilowa zilikuwa nzito na zenye harufu kali, na katika majimbo ya kusini hazikufaa kabisa kwa sababu ya joto. Pamoja na hayo, zilipendwa mno na wapiga picha. Kijana aliyekwenda studio kupigwa picha ya kutuma nyumbani alizipenda kwa sababu zilimfanya aonekane mkubwa. Maonyesho ya Buffalo Bill, yaliyoanza mwaka 1883 na kufika London mwaka 1887, kisha michezo ya rodeo na baadaye filamu, vililichukua umbo la kauboi na kulipeleka mbali na theluji. Katika uwanja wa rodeo wa mwezi Julai manyoya hayamkingi mtu na chochote. Kazi yake ni kuruka hewani farasi anaporusha miguu, ili mtazamaji wa safu ya nyuma auone msukosuko. Dhima ya kikazi imekufa, dhima ya kutazamwa imekalia kiti chake, na ngozi ni ileile.

Bega, si goti

Mchungaji wa Usukuma hakuwahi kuwa na chapsi, na sababu zake zinafundisha. Ya kwanza ni kwamba alitembea kwa miguu. Ndorobo na maradhi ya farasi viliufanya ufugaji wa farasi kuwa mgumu katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na pasipo tandiko vazi la kufunika mapaja kwa mbele halina maana. Ya pili ni ardhi. Mbuga za Usukuma, zenye udongo mzito mweusi, hushika maji wakati wa mvua na kugeuka tope linaloganda hadi juu ya kifundo cha mguu. Mguu mtupu huoshwa mara moja mtoni, lakini mguu wenye manyoya ungebeba nusu ya mbuga hadi nyumbani. Ya tatu ni aina ya baridi. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hakuna theluji, lakini kuna umande wa alfajiri, kuna mvua inayomkuta mtu mbali na boma, na kuna upepo wa kipupwe kati ya Juni na Agosti. Baridi ya namna hiyo humshika mtu mabegani na kifuani. Ndiyo maana kinga ya mchungaji wa ukanda huu, tangu enzi za ngozi hadi enzi za blanketi, imekaa begani.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia tofauti hiyo kwa vitenzi vyake. Mchungaji hujitanda shuka, hujifunika blanketi, huvaa lubega. Mchezaji wa ngoma hufunga manyoya. Kujitanda ni kitendo cha mtu mwenye baridi. Kitu kilichotandwa kinaweza kufunguliwa, kulaliwa, kumfunikia ndama aliyezaliwa porini, au kufungia mahindi ya kuchoma. Kufunga ni kitendo cha mtu anayejiandaa, na kilichofungwa hukaa mahali pake hadi onyesho liishe. Mhakiki anayeandika kwamba mchezaji "amevaa vazi la asili" ameufuta mpaka ambao wasemaji wa lugha wanauheshimu kila siku.

Ushahidi wa kifasihi kuhusu enzi za ngozi haupo mbali. Aniceti Kitereza (1896–1981), mwandishi wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ambayo baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Riwaya hiyo inausawiri ulimwengu wa kisiwa hicho kabla ya utawala wa kigeni, na wahakiki wamekuwa wakiisifu, au kuilaumu, kwa wingi wa maelezo ya mila. Lakini wakiisoma kama ghala la mila hawalioni jambo moja. Ngozi katika ulimwengu wa Kitereza haisimamishwi ili msomaji aitazame. Ipo ndani ya mwenendo wa nyumba: mnyama huchinjwa kwa sababu fulani, kwa ajili ya mgeni, mkwe au tambiko, na ngozi yake huingia katika maisha ya watu kama vile nyama yake ilivyoingia. Ngozi ina historia kwa kuwa mbuzi alikuwa na mwenyewe. Hakuna mhusika anayejiona kuwa amevaa "asili". Hilo ndilo vazi kwa maana kamili ya neno, na mtazamo wa mwandishi juu yake ni sahihi zaidi kuliko ule wa wengi waliokuja kumhakiki.

Yapo pia maarifa ya kazi yaliyoizunguka ngozi hiyo: kuiwamba juani kwa vigingi, kuikwangua nyama na mafuta, kuilainisha kwa samli na kwa kuisugua hadi inyumbulike. Bila maarifa hayo ngozi huwa ubao. Vipande vingi vinavyotumika jukwaani leo havihitaji kulainishwa kwa kiwango hicho kwa sababu havikunjwi wala kulaliwa. Ni tofauti inayohisika kwa kidole, na kidole ni chombo ambacho uhakiki wa maleba umekitumia kwa nadra.

Ngozi ilianza kupungua begani muda mrefu kabla ya wakoloni kujenga ofisi Mwanza. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara iliyokwenda pwani, na katika safari hizo kitambaa kilikuwa ujira na fedha. Kitambaa kilichotafutwa sana kiliitwa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi ambayo wafanyabiashara wa Massachusetts waliileta Unguja tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Hapa pana kinaya ambacho historia imekiacha bila maelezo: katika karne ileile ambayo mchungaji wa Montana alikuwa akijifunga ngozi ya mbuzi, viwanda vya nchi yake vilikuwa vikichangia kuitoa ngozi ya mbuzi begani mwa mchungaji wa Usukuma. Baadaye pamba ikawa zao la Wasukuma wenyewe. Ushirika uliojengwa chini ya uongozi wa Paul Bomani katika miaka ya 1950, na kiwanda cha nguo cha Mwatex baada ya uhuru, viliifanya Mwanza kuwa mji wa pamba. Kufikia wakati huo mtu aliyevaa ngozi alikuwa anaonekana kama mtu wa jana.

Dola na ngozi

Sura inayofuata ya habari hii haikutokea Mwanza, lakini bila kuijua haiwezekani kueleza kwa nini manyoya yaliingia jukwaani wakati uleule yalipokuwa yakifukuzwa njiani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao na kuvaa nguo zilizohesabiwa kuwa za kistaarabu. Leander Schneider (2006) ameonyesha jinsi kampeni hiyo ilivyolifanya vazi kuwa kipimo cha maendeleo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Andrew Ivaska (2011) ameichambua kwa kina. Operesheni ya kwanza ilimlaumu mtu kwa kubaki nyuma, ya pili ikamlaumu kwa kukimbilia Ulaya. Katikati yake palihitajika mwili uliovaa utamaduni wa taifa kwa namna iliyokubalika, na mahali pa mwili huo palikuwa jukwaani.

Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kilichoundwa katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kilizichukua ngoma za makabila na kuzipanga upya kwa ajili ya jukwaa, na bugobogobo ikawa miongoni mwa zilizopendwa zaidi kwa sababu ilisifu kazi ya jembe, jambo lililolingana na siasa ya kilimo na kujitegemea. Hivyo ndivyo ngozi ilivyopata hifadhi. Mchungaji aliyejifunika ngozi barabarani alikuwa tatizo la maendeleo. Mchezaji aliyefunga manyoya mbele ya mgeni wa taifa alikuwa fahari. Tofauti kati yao haikuwa ngozi. Ilikuwa ni iwapo mvaaji aliihitaji ngozi ile.

Jambo hili linastahili kusemwa bila kuzungushwa: tasnifu inayoyaita maleba hayo "vazi la asili" bila kutaja historia hii inaurudia uamuzi wa kiserikali wa miaka ya 1960 huku ikidhani inaeleza mila ya karne ya 19.

Uwanja wa mashindano

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba jukwaa lililetwa na dola. Wasukuma walikuwa na watazamaji wao zamani. Ngoma zao zimegawanyika katika vyama viwili hasimu, Bagika na Bagalu, ambavyo simulizi huvirejesha kwa waganga wawili walioshindana kwa dawa na kwa uwezo wa kuvuta umati. Katika mashindano hayo ushindi haukutolewa na majaji. Ulionekana kwa macho: watazamaji walihamia upande mmoja na upande wa pili ukabaki unacheza peke yake. Kila chama kilitafuta cha kushangaza, awe nyoka, nungunungu au vazi lisilotarajiwa. Frank Gunderson (2010), katika utafiti wake wa nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha uhusiano wa karibu uliokuwepo kati ya vyama vya wawindaji, wapagazi na wakulima. Kwa msingi huo inawezekana kabisa kwamba manyoya ya mguuni yalimfikia mkulima kutoka kwa mwindaji, ambaye ngozi ya mnyama kwake haikuwa kinga wala pambo bali uthibitisho kwamba alikwenda porini akarudi.

Ikiwa ndivyo, manyoya ya bugobogobo yana nasaba halali, ila nasaba hiyo ni ya uwanja wa mashindano. Yalikuwa maleba kabla ya taifa kuyahitaji. Uhakiki unaoyadharau kwa kuyaona ya kubuni unapotoka sawasawa na ule unaoyaona kuwa vazi la kale la kila siku. Mahali pazuri pa kulishuhudia hilo ni Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya Mwanza kuelekea Musoma, ambako padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na ambako tamasha la Bulabo hufanyika kila mwaka wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Bagika na Bagalu hukutana hapo na kushindana. Mtazamaji wa Bulabo hahitaji kuambiwa kwamba yaliyofungwa mguuni ni ya asili. Anaangalia kama yanaruka.

Sheria nayo imeingia uwanjani. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2009, ngozi ya mnyamapori ni nyara, na kuimiliki bila kibali ni kosa. Kwa vikundi vya ngoma, manyoya ya mbuzi, kondoo na hata ya bandia yamekuwa njia salama. Baadhi ya wahakiki huyasikitikia manyoya ya bandia kama dalili ya kupotea kwa utamaduni. Kwa mtazamo wa dhima, masikitiko hayo hayana mashiko. Manyoya ya bandia ndiyo maleba yaliyokomaa: hayajawahi kumkinga yeyote na umande, wala hayajifanyi kuwa yaliwahi.

Koti la mtumba

Linalobaki ni kumtafuta mrithi wa ngozi ya begani, ile ya kujitanda. Hayupo jukwaani. Yupo nyuma ya ng'ombe, kwenye njia za kuelekea mbugani na kwenye ngitili, maeneo ya malisho ambayo Wasukuma huyatenga wakati wa mvua ili yalishe mifugo ya kiangazi. Mchungaji wa leo huvaa katambuga za tairi au buti za mpira, kofia pana, na blanketi au shuka begani. Alfajiri za kipupwe, wengi wao huvaa koti zito la mtumba, lenye kofia ya nyuma na pengine ukingo wa manyoya shingoni, lililoshonwa kwa ajili ya majira ya theluji ya Ulaya au Amerika ya Kaskazini na kununuliwa katika masoko kama Mlango Mmoja, Mwanza. Merikani ilikuja kwa mafungu mabegani mwa wapagazi. Koti hili huja kwa marobota.

Wasukuma wamehama na mifugo yao hadi Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, na wapo walioondolewa Ihefu katika operesheni za mwaka 2006. Huko ugenini mchungaji wa Kisukuma hutambuliwa kwa kofia yake, fimbo na buti kabla hajafungua kinywa. Kwa vigezo vya Bogatyrev, mavazi hayo yanabeba dhima zote zinazohitajika: yanakinga, yanatambulisha eneo, yanaeleza kazi na hali ya mvaaji, na yakiwa mapya huvaliwa mnadani ili kuonekana. Hakuna hata moja kati ya dhima hizo linaloyafanya yawe pungufu kuliko ngozi ya mbuzi ya enzi za Myombekere.

Hata hivyo, koti la mtumba huachwa nje pale "mavazi ya Wasukuma" yanapoorodheshwa, na halivaliwi na vikundi vinavyoigiza uchungaji. Kijana anayeigiza mchungaji jukwaani huvuliwa koti alilokuja nalo, akafungwa manyoya mguuni, kisha akapewa fimbo. Onyesho likiisha hulichukua koti lake nyuma ya pazia, kwa maana saa hiyo upepo wa ziwa huwa umeanza.